Mtungi Wenye Sauti Mbili

Tangu utotoni, kitu kilichomtia Nthoki kichefuchefu kuliko vyote ni uchafu uliopakwa rangi. Uchafu mtupu aliuzoea. Aliyelelewa Ziwani, mtaa wa Nairobi, asiuzoee atakuwa amelelewa akiwa amefumba macho. Mfereji wa majitaka ulipita nyuma ya nyumba yao, na kila msimu wa mvua ulipanda hadi kizingitini kama mgeni asiyealikwa. Huo haukumchukiza, kwa sababu haukujidai kuwa kitu kingine. Kilichomchukiza ni choo cha pamoja cha pale mtaani, kilichopakwa chokaa asubuhi ya siku aliyokuja mheshimiwa mmoja kupiga picha. Nje kuta zilimeta, na ndani kinyesi kilikuwa pale pale. Nthoki, miaka tisa, alichungulia ndani, akanusa chokaa na kinyesi kwa pumzi moja, akatapika mbele ya wageni. Mama yake, Wayua, aliomba radhi kwa kila mtu. Baba yake hakuomba. Alimfuta mdomo kwa mkono wa shati lake, akasema, "Huyu pua yake ni nzima."

Baba huyo ni mzee Ndete, mchonga vinyago kutoka Wamunyu, ambaye kwa miaka zaidi ya arubaini amekuwa akichonga twiga, vifaru na vichwa vya watu asiowajua katika banda la wachongaji, Pumwani. Kabla ya kununua gogo, Ndete hulifunga kamba ya katani, akalining'iniza, akaligonga mara moja kwa mpini wa tezo, chombo chake cha kuchongea. Kisha hungoja. Wanunuzi wengine hugonga mara tano, mara sita, wakiongea. Yeye hugonga mara moja na kunyamaza mpaka sauti ife yenyewe. Nthoki alipokuwa mdogo aliwahi kumuuliza swali katikati ya kungoja huko, na Ndete alimwambia bila kumtazama, "Mti ukisema usiukatize." Nthoki akacheka. Kwa mtoto, ni jambo la kuchekesha kuona mtu mzima akilionyesha gogo adabu ambayo watu hawaonyeshwi.

Alisoma. Alipata diploma ya elektroniki, na katika mwaka wa mwisho akavutiwa na somo ambalo wenzake walilikimbia, yaani kuchambua sauti kwa kompyuta. Akiwa na miaka ishirini na sita aliajiriwa katika kiwanda kimoja cha Industrial Area kinachopima na kujaza mitungi ya gesi ya kupikia. Ilikuwa kazi yenye mshahara wa mwisho wa mwezi, bima na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Kule kanisani mama yake alisimama akatoa shukrani.

Kazi ya kiwanda ilikuwa hivi. Mitungi mitupu huletwa kwa malori kutoka Kayole, Dandora, Ziwani, Buruburu, kila mahali. Mtungi uliozeeka lazima upimwe kabla ya kujazwa tena, na kipimo cha kweli ni cha maji. Unajazwa maji, yanasukumwa kwa nguvu, na mpimaji anaangalia mtungi unavimba kiasi gani. Kipimo hicho hakidanganyi, lakini ni cha polepole. Kwa hiyo kiwanda kiliweka chujio mbele yake, nalo ni kugonga. Mtungi ukilia vibaya unapelekwa kwenye maji. Ukilia vizuri unapakwa rangi, unabandikwa stika ya kijani, unajazwa gesi, unarudi mitaani kukaa chini ya meza za jikoni, karibu na miguu ya watoto.

Kwa miaka kumi na mmoja mgongaji alikuwa Benta, mama wa makamo mwenye kitambaa kichwani na nyundo ndogo ya shaba, kibarua ambaye hakuwahi kupewa kandarasi. Aligonga, akasikiliza, akanyoosha kidole kwenye maji au kwenye rangi. Kisha kiwanda kikanunua maikrofoni na kompyuta, na Nthoki akaletwa kuiendesha. Benta hakufukuzwa. Aliachiwa nyundo, akanyang'anywa sikio.

Kompyuta ilifanya kazi ya sikio kwa kuchora. Inaikata sauti vipande vipande kama mkate, inapima kila kipande kina sauti nene kiasi gani na nyembamba kiasi gani, kisha inaweka yote kwenye picha. Kutoka kushoto kwenda kulia ni wakati, kutoka chini kwenda juu ni wembamba wa sauti, na panapong'aa ndipo penye nguvu. Mtungi mzima huonekana kama mstari mmoja unaong'aa, unaofifia taratibu. Lakini picha za namna hiyo zina ugonjwa mmoja wa kuzaliwa. Ukikata vipande virefu, utajua vizuri ni sauti gani iliyolia ila hutajua ililia lini hasa. Ukikata vifupi, utajua ililia lini, lakini sauti yenyewe itatawanyika kama wino uliodondokea tishu. Na pale kiwandani ilibidi kukata vifupi, kwa sababu mitungi ilipita kwenye mkanda wa mashine mmoja nyuma ya mwingine, ikibanana mabega, na kila mmoja ulipewa nusu sekunde ya kulia kabla mwenzake haujausukuma. Mistari ikawa minene, yenye ukungu pande zote.

"Hii ni nini, Nthoki?" Chege, meneja wa uzalishaji, aliuliza wiki ya kwanza, akiwa ameinama mbele ya skrini na kikombe cha chai mkononi. Chege alikuwa mtu wa viatu vinavyong'aa. Aliruka madimbwi ya kiwandani kama paka.

"Ni mlio, bosi."

"Mimi naona uji. Wakurugenzi wakija wataona uji. Walilipia mashine, hawakulipia uji."

Vijana wa kupakia wakacheka. Tangu siku hiyo walimwita Mama Uji. "Niaje, Mama Uji? Leo ni wa wimbi ama wa mahindi?" Nthoki alicheka nao, lakini lilimchoma. Yeye pia aliuchukia ule ukungu. Aliuona kama doa kwenye nguo yake mwenyewe.

Akatafuta dawa. Watu wa hesabu waliivumbua zamani, na Nthoki aliijua kwa jina tu kutoka chuoni. Kila doa la mwanga kwenye picha huulizwa na hesabu: wewe umetoka wapi hasa? Kwa kuwa doa lililotawanyika hubaki na alama ya kitovu chake, hesabu inaweza kulichukua na kulirudisha pale uzito wa nguvu zake ulipo. Madoa elfu yanarudishwa, na ukungu mnene unakusanyika kuwa uzi. Alikaa nayo wiki tatu, mchana ofisini na jioni kwenye meza ya jikoni. Ijumaa moja aliiwasha, na mistari ikatokea kwenye skrini ikiwa myembamba kuliko wembe.

Ilikuwa nzuri, na hilo lisikataliwe. Hata leo Nthoki akilifikiria anakiri kwamba hajawahi kutengeneza kitu kizuri kuliko picha ile.

Chege alimwita kila mtu aje aone. Wakurugenzi walikuja, wakapiga picha mbele ya skrini. Jina la Mama Uji likafa. Na jambo jingine likatokea, ambalo wote walilishangilia bila kuliuliza maswali. Zamani, katika kila mitungi mia, kumi na miwili ilipelekwa kwenye maji. Sasa ilikwenda mitatu.

"Mashine imeacha kushuku wasio na hatia," Chege alisema.

Nthoki aliipenda sentensi hiyo. Aliirudia nyumbani.

Ni Benta peke yake aliyesema kitu. Ilikuwa Alhamisi, mkanda umesimama kidogo, na alikuwa ameushika mtungi mmoja kwa shingo, ameuinua kutoka kwenye mkanda, ameugonga tena kwa nyundo yake.

"Injinia, huyu analia kama mtu ana homa. Anatetemeka."

Nthoki, aliyemwita Mathe, yaani mama, aliangalia skrini. "Mathe, cheki picha. Mstari ni mmoja, safi kabisa."

"Naona. Lakini hiyo mashine inasikiliza kidogo sana. Ni kama mtu anakuuliza habari ya nyumbani, na kabla hujajibu ashaenda."

"Ndiyo maana tunainoa picha, Mathe. Tukiinoa, hiyo kidogo inatosha."

Benta akaurudisha mtungi kwenye mkanda. "Sawa. Wewe ndiye umesoma." Nthoki akaubandika stika ya kijani, akaandika herufi zake mbili kwenye kona, kama sheria ya kiwanda ilivyotaka: N.N.

Miezi minne ikapita.

Jumapili moja baada ya kanisa alikwenda kwa wazazi wake Ziwani. Wayua alikuwa anapika muthokoi, mahindi yaliyotwangwa na kuchanganywa na maharagwe, na katikati ya kupika moto wa gesi ukazimika. Mtungi ulikuwa umeisha. Ndete akautoa nje aupeleke kwenye kibanda cha Wacera, mama anayeuza gesi pale kona, abadilishiwe. Lakini mchongaji hawezi kushika kitu chenye tumbo tupu bila kukigonga. Juu ya mlango wao kuna ndoano ya chuma ambayo kwa miaka ameitumia kuning'inizia magogo. Aliutundika mtungi hapo kwa kamba, akaugonga mara moja kwa mpini wa tezo, akanyamaza.

Mtungi ulilia. Wakati huu hapakuwa na mkanda wala jirani wa kuubana, basi ukalia kwa muda mrefu. Na katika mlio ule kulikuwa na kitu kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, kama taa yenye stima mbovu.

"Nani alipitisha huu?" Ndete aliuliza.

"Umepimwa, Baba," Nthoki alisema kutoka jikoni. "Una stika."

"Sikuuliza stika. Nimeuliza nani."

Wayua, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko, akainua macho akaisoma. Alianza kucheka. "Mzee, ni wa mtoto wako. N.N. hii hapa."

Nthoki akatoka nje. Aliutazama mtungi ukining'inia juu ya kizingiti cha nyumba aliyozaliwa, ukiwa na herufi zake kwenye bega.

"Kitu kizima kina sauti moja," Ndete alisema. "Chenye ufa, au kilicholiwa ndani, kina mbili. Zinakaribiana sana, lakini ni mbili, na mbili haziwezi kukaa chumba kimoja bila kugombana. Huko kutetemeka ndiko kugombana kwenyewe. Hukusikia?"

"Kwenye mashine ulikuwa mstari mmoja, Baba. Niliinoa picha mwenyewe."

Ndete akamwonyesha tezo. Ilikuwa imetumika mpaka bapa lake limebaki nusu ya lilivyokuwa. "Nikiinoa hii, chuma kinaongezeka?"

"Hapana."

"Kinakwenda wapi?"

Hata kabla baba yake hajamaliza, hesabu yote ilikuwa imejipanga kichwani mwa Nthoki, na ilikuwa hesabu rahisi ya kumwaibisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Doa la mwanga huulizwa kitovu chake kiko wapi. Lakini kama ndani ya doa hilo moja kuna sauti mbili zilizobanana, kitovu kiko katikati yao, mahali ambapo hapana sauti yoyote. Hesabu hulipeleka doa hapo. Sauti mbili za kweli zinafutwa, na badala yake unachorwa mstari mmoja wa uongo, mwembamba, mzuri. Kunoa kunaweza kukuonyesha sauti moja iko wapi hasa. Hakuwezi kutenganisha sauti mbili ambazo hukukaa kuzisikiliza mpaka zikaachana. Kwa hilo dawa ni moja tu, nayo ni kungoja.

Ukungu alioufuta ndio uliokuwa ukisema ukweli. Mitungi tisa katika kila mia haikuwa imeponywa. Ilikuwa imenyamazishwa, naye ndiye aliyeinyamazisha, akapigiwa makofi.

Hakula muthokoi siku hiyo.

Jumatatu aliingia kiwandani na mtungi ule begani. Walinzi walimcheka getini. Benta hakucheka. Aliuona, akaelewa, akaenda kuleta kamba bila kuambiwa. Waliutundika kwenye nguzo nyuma ya ghala, Benta akagonga mara moja, wote wawili wakanyamaza, na Nthoki akarekodi mpaka mwisho, sekunde nne na ushee. Kisha akachora picha mbili. Ya kwanza ya nusu sekunde, iliyonolewa, ilikuwa na mstari mmoja kama uzi, na ukiutazama kwa makini ulikuwa unayumba kidogo, kama mlevi anayejikaza mbele ya askari. Ya pili ya sekunde nne, isiyonolewa, ilikuwa na mistari miwili minene, kando kwa kando.

Wakaupeleka kwenye maji. Haukufika nusu ya nguvu inayotakiwa. Chini, pale kwenye mshono, maji yalianza kutoka kama jasho, kisha kama machozi.

"Analia," Benta alisema.

"Mathe, nisamehe."

"Mimi? Mimi sina gesi kwangu, natumia makaa." Akafuta mikono kwenye aproni. "Omba hao wengine."

Siku hiyo kiwanda kilikuwa kinanuka rangi. Wakaguzi wa serikali walitarajiwa Jumatano, na Chege alikuwa ameagiza kila ukuta upakwe, hata wa choo. Nthoki alimkuta ofisini akichagua fremu. Alitaka picha moja ya mistari ichapishwe kubwa, itundikwe mapokezi. Alimweleza yote. Chege alisikiliza vizuri, bila kumkatiza, na hilo lilimpa Nthoki matumaini kwa muda wa dakika tatu.

"Kwa hivyo unataka nini?" Chege aliuliza.

"Mtungi utundikwe, ugongwe, uachwe ulie mpaka mwisho. Picha isinolewe. Na ile niliyoipitisha miezi minne irudishwe yote ipimwe kwa maji. Ni zaidi ya elfu arubaini."

"Kutundika kila mtungi. Line itapungua nusu."

"Ndiyo."

Chege akaketi. "Nthoki, kaa chini. Mimi si mtu mbaya. Lakini hebu fikiria kama mtu mzima. Hao watu wa Ziwani, wa Kayole, nyumba zao zinaungua kila siku. Stima ya kuiba, mishumaa, makaa. Nyumba ikiungua, nani atasema ni mtungi wetu?"

Alisema hivyo kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayemshauri dada yake asinunue viatu vya bei ghali.

"Mimi ni mtu wa Ziwani," Nthoki alisema.

"Ulikuwa. Nimeshaongea na watu wa ofisi kuu kuhusu cheo chako. Ukianza mwezi ujao utapata nyumba Buruburu, phase ya mbele. Jumatano unaweka sahihi kwenye cheti cha vipimo, tunapita, malori yanatoka. Baadaye polepole tutaangalia hayo mambo yako ya kutundika."

Hakutukana wala hakutisha. Alimsogezea hata sahani ya biskuti. Nthoki alitoka, akatembea hadi chooni, na kuta mpya zilimpokea kwa harufu ile ile ya zamani, chokaa juu ya kinyesi. Akatapika kama alivyotapika akiwa na miaka tisa. Safari hii hapakuwa na mtu wa kumfuta mdomo. Alijitazama kwenye kioo, na aliyemchukiza zaidi hakuwa Chege. Chege hakujua tofauti ya mlio na uji. Yeye alijua. Alikuwa amefundishwa kungoja tangu utotoni, bila malipo, na mtu aliyeliheshimu gogo. Akaenda akatengeneza mashine ya kutongoja, akaipamba.

Jumatano mkaguzi alifika. Jina lake Bi. Ndindi, mwanamke mfupi mwenye faili kubwa na miwani iliyofungwa kamba. Lori lilikuwa limeshapakiwa mitungi mia tatu na themanini, injini inanguruma getini. Chege alimpitisha kila mahali palipopakwa rangi, akamfikisha kwenye skrini.

Skrini ilionyesha uji.

Nthoki alikuwa ameizima hesabu yake asubuhi, akaifuta. Mistari ilitambaa pale minene, yenye ukungu, ikiwa mibaya machoni kama mwanzoni.

"Kuna hitilafu ndogo," Chege alisema, akimkazia Nthoki macho. "Injinia wetu atairekebisha. Nthoki, mwekee mama sahihi kwanza, asichelewe."

Kalamu ikaletwa. Nthoki hakuishika. "Kabla ya sahihi, naomba sekunde nne," alimwambia mkaguzi.

Benta alikuwa ameshatundika mtungi mmoja mtupu kwenye nguzo ya pembeni ya skrini, mmoja wa ile yenye N.N. iliyorudi kutoka mitaani. Akagonga. Vijana wa kupakia, waliozoea kupiga kelele, walijikuta wamenyamaza. Hata dereva wa lori, kwa sababu ambayo yeye mwenyewe huenda asiijue, akazima injini. Mlio ukapanda na kushuka, ukapanda na kushuka, ukafifia, ukaisha.

"Unatetemeka," kijana mmoja akanong'ona.

Nthoki akaeleza, akaonyesha picha mbili, akaonyesha karatasi ya kipimo cha maji. Alieleza kwa moyo wake wote. Aliamini, kama vijana wengi waliosoma wanavyoamini, kwamba ukweli ukiwekwa mezani ukiwa mzima, mtu mwenye faili ataunyanyua.

Bi. Ndindi alimsikiliza, kisha akavua miwani akaifuta. "Binti yangu, mimi sikagui milio. Sina fomu ya milio. Mimi nakagua karatasi." Akafungua faili. "Hiki cheti utakitia sahihi au hutii?"

"Sitii."

"Basi hakina sahihi. Karatasi isiyo na sahihi haipiti, na mzigo usio na karatasi hautoki." Akapiga muhuri kwenye ukurasa. "Lori lishushwe. Yote iliyomo humu ndani ikapimwe kwa maji."

"Na ile iliyokwisha kutoka?" Nthoki aliuliza. "Elfu arubaini iko majumbani."

"Hiyo cheti chake nilikiona miezi iliyopita. Kina sahihi." Alimtazama Nthoki kwa mara ya kwanza kama mtu. "Yako."

Akafunga faili, akaomba maji ya kunywa.

Ndivyo lori lilivyozuiwa. Halikuzuiwa na sauti mbili zilizolia mbele ya watu thelathini wenye masikio. Lilizuiwa na nafasi tupu chini ya karatasi. Katika ile mitungi mia tatu na themanini, arubaini na mmoja ilitoa maji. Chege aliandika ripoti akisema kiwanda chenyewe kimegundua kasoro kutokana na umakini wake. Nthoki alipewa barua ya kusimamishwa kazi kwa kuharibu mali ya kampuni, yaani hesabu aliyoiandika mwenyewe. Benta hakupewa barua kwa sababu kibarua hapewi barua. Aliambiwa tu asije kesho.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Nthoki alifika kwenye kibanda cha Wacera pale Ziwani na kamba ya katani, kisu, na kijitabu. Benta alikuwa naye, na nyundo yake kwenye mfuko wa aproni. Mzee Ndete alikuwa amekuja mbele yao na ngazi, akapigilia ndoano kwenye boriti ya kibanda.

"Mtaniulia biashara," Wacera alisema, mikono kiunoni. "Watu wakisikia mitungi inagongwa kwangu watadhani nauza bomu."

"Kuna baadhi ni bomu, mama," Nthoki alisema. "Ni yangu. Nimekuja kuichukua. Tutagonga mitupu tu, na kila inayorudi na hizi herufi mbili uniwekee kando, usiirudishe kiwandani."

"Na watu wako wangapi huko nje wenye hizo herufi?"

"Elfu arubaini na kitu."

Wacera alicheka, akaacha kucheka alipomwona uso. Akavuta stuli akaketi. "Haya. Anzeni na hiyo ya mama wa nyumba ya tatu, yuko na watoto."

Majirani walikusanyika. Mmoja aliuliza kama ni maombi, mwingine kama ni kampeni. Nthoki aliutundika mtungi wa kwanza. Kabla ya kuugonga alichukua kisu, akaikwangua stika ya kijani, herufi zake kwanza, mpaka chuma kikaonekana, chenye kutu kidogo. Kilikuwa kibaya kutazama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile tumbo lake likatulia.

"Gonga, Mathe," alisema.

Benta akagonga mara moja. Mtu mmoja nyuma akaanza kuuliza kitu, na mzee Ndete akainua mkono bila kugeuka. Wote wakanyamaza pale kona, Wacera kwenye stuli yake, mama wa nyumba ya tatu na mtoto mgongoni, wakingoja mtungi umalize kusema.